Mikono Isiyopakwa Mafuta

Chanda chema hunyimwa pete. Najua wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwahi kuketi kwenye kochi la mbao pale kwetu Maringo, Nairobi, Jumamosi alasiri, huku mamake mwanamume wanayempenda akivigeuzageuza vidole vyao kama mtu anayechagua viazi sokoni Marikiti.

"Mikono gani hii?" alisema Mama Lenah. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mama yangu. "Mama Wacera, kwani hapa kwenu hamna mafuta ya kujipaka?"

Mama yangu, aliyekuwa amepika tangu asubuhi, alibaki ameshika birika hewani. Baba alikohoa ndani ya koti lake la kanisani. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Industrial Area, na mikono yake ina makovu hadi kwenye viwiko, lakini hata yeye siku hiyo alikuwa amejipaka mafuta mpaka anang'aa.

Mama Lenah ni mzazi wake Mulama. Alikuwa amesafiri kutoka Mumias pamoja na kaka yake, Mzee Nalianya, waje wanione kwa mara ya kwanza kabla habari za mahari hazijaguswa. Na mwanamume mwenyewe, Mulama wangu, aliketi mkabala nami, tai imempinda shingoni. Kila mara macho yetu yalipokutana nilihisi joto likipanda kutoka tumboni hadi masikioni. Nilikuwa nikingoja aseme neno. Alijua sababu ya mikono yangu kuwa vile kuliko mtu yeyote katika chumba kile.

Ni kweli, ilikuwa mikavu. Ilikuwa imepauka, vifundo vimekuwa vyeupe, na ukucha ukipita juu ya ngozi unaacha mstari kama chaki. Mtaani kwetu mtu anaweza kutoka nyumbani bila chai, lakini hatoki bila mafuta. Mtoto mwenye magoti yaliyopauka humwaibisha mamake mbele ya jengo zima.

"Ni kazi, Mama," nilijibu kwa adabu. "Kazini kwetu haturuhusiwi kujipaka mafuta."

"Kazi gani hiyo? Patrobas aliniambia unafundisha."

Patrobas ni jina la ubatizo la Mulama. Mamake ndiye anayelitumia. Nilimtazama huyo Patrobas. Macho yake yalikimbilia ndani ya kikombe.

"Sifundishi, Mama. Mimi ni fundi wa elektroniki katika maabara ya fizikia, kule chuoni anakosomea Mulama. Ninashughulika na vipande vya silikoni."

"Silikoni ndiyo nini?"

"Ni kitu kinachotolewa mchangani, kikasafishwa mpaka..."

"Mchanga!" Alimgeukia kaka yake. "Umesikia, Nalianya? Anachimba mchanga!"

Mzee Nalianya alicheka hadi chai ikamwagikia kisahani. "Basi, dada, tumepata bibi arusi wa kutujengea nyumba. Tununue saruji tu."

Baba naye alicheka, kile kicheko cha mwenyeji asiyetaka ugomvi. Mimi sikucheka. Nilijaribu tena, kwa sababu kazi yangu naipenda na ulimi ninao.

"Mama, vipande hivyo vinahisi chembe ndogo sana zinazoshuka kutoka juu angani. Hazionekani kwa macho. Zinapita kwenye paa hili, zinapita ndani ya miili yetu, zinaingia ardhini. Zikipita kwenye kipande, kinatuambia zimepita mahali gani na zimepita lini."

Mama Lenah alijishika kifua. "Zinanipita mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa hivi, nikinywa chai?"

"Sasa hivi."

"Na nani amezituma?"

"Hakuna aliyezituma."

"Kitu kinachompita mtu mwilini," alisema taratibu, "hakikosi aliyekituma." Kisha akatikisa kichwa, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama ndama aliyezaliwa na miguu myembamba.

Lazima niseme ukweli: Mama Lenah hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, siku ile ingekuwa rahisi kwangu. Alifungua kikapu chake akatoa kibuyu kidogo kilichozibwa kwa jani la mgomba, na chumba kikajaa harufu nzito ya samli.

"Tuache mzaha," alisema. "Mtoto hachekwi, hupakwa mafuta. Katika ukoo wetu, mama humpaka mkamwana samli mikononi siku ya kwanza anapomwona. Mimi nilipakwa na mamake mume wangu. Na huyu, hata kama si wa kabila letu, sitamnyima. Lete mikono, mwanangu."

Desturi hiyo niliijua. Mulama alikuwa amenieleza majuma mawili nyuma, tukiwa tumeegemea ukuta wa maabara kwenye jua la adhuhuri. Nami nilimwambia waziwazi: "Mwambie anipake kichwani. Anipake miguuni, usoni, popote anapotaka. Mikononi asiguse. Jumatatu inayofuata tunafunga vipande vyetu viwili vya silikoni." Mulama aliichukua mikono hii hii iliyopauka akaibusu kwenye vifundo, kimoja baada ya kingine. "Nitamwambia," alisema. "Mama ataelewa. Na mimi, ikipauka ndivyo ninavyozidi kuipenda." Nilirudi kazini siku hiyo nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Mama Lenah alichota samli kwa vidole viwili. Nilimtazama Mulama. Nilimtazama kwa macho ambayo hata kipofu angeyasikia. Alipangusa paji la uso. Samli ilianza kuyeyuka kwenye vidole vya mamake, tone likaning'inia juu ya kiganja changu.

Niliivuta mikono yangu nikaificha mgongoni.

"Wacera!" Baba aliniita. Mimi nina jina la mamake, na tangu nizaliwe yeye huniita "maitu", yaani mama. Siku hiyo aliniita Wacera.

Tone la samli lilidondoka kwenye kitambaa cha meza alichofuma mama yangu. Mkono wa Mama Lenah ulibaki pale pale hewani, umekosa pa kwenda.

"Amenikataa," alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana, dada," Mzee Nalianya alijaribu. "Labda msichana ameshtuka."

"Ameficha mikono, Nalianya. Ameificha mgongoni mbele ya macho yangu."

"Sijakukataa, Mama," nilisema. "Kuna sababu. Mulama anaijua. Mulama atakueleza."

Wote walimgeukia. Alisimama nusu, akaketi tena. Alinitazama kwa yale macho yake ya kahawia yaliyonifanya nisahau kushuka kituoni mara nyingi, akasema:

"Wacera, kwani huwezi kunawa?"

Niliinuka nikatoka nje.

Nyuma ya jengo letu kuna kamba za kuanikia nguo, na ua wa kayaba wenye miiba. Nilipita katikati ya mashuka yaliyoloa mpaka nikafika kwenye ua, na huko ndiko Mulama alikonikuta. Kwenye ngazi za jengo la pili, Wayua jirani yetu alikuwa akichagua mchele. Alipotuona, mkono wake juu ya ungo ukaanza kwenda polepole.

"Kunawa?" nilimwambia. "Katika wanaume wote wa Nairobi, ni wewe wa kuniuliza kama siwezi kunawa?"

"Punguza sauti. Watu wanasikia."

"Wasikie! Wewe ulinawa siku ile, Mulama? Sema. Ulinawa au hukunawa?"

Alitazama chini.

"Nilinawa," alisema. "Kwa sabuni."

"Kwa sabuni. Na ikawaje?"

Jibu hilo, wewe msomaji nitakupa mimi. Daktari Nyamai, mkuu wa maabara yetu, alikuwa ameazimwa vipande vitatu vya silikoni kutoka Ulaya, tuvijaribu kwa hizo chembe za angani ambazo hazitozwi ushuru. Mwezi wa Machi Mulama aliingia asubuhi akitoka kwa binamu yake mtaani Kaloleni, amejipaka mafuta kama kila mtu. Alinawa, akakichukua kipande kimoja kwa vidole, akakiinua dirishani ili anionyeshe. Hakikuwa kikubwa kuliko kiberiti. Juu yake kulikuwa na mistari myembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Chembe ikipita, alinieleza, mstari uliopitiwa hutoa umeme kidogo, na kwa haraka ambayo saa ya mkononi haiwezi hata kuiota. "Lakini kimoja hakitoshi," alisema. "Kimoja kitakuambia imepita hapa, basi. Ukiweka cha pili chini yake ndipo unaweza kuchora njia, ujue imetoka wapi na inaelekea wapi." Kisha akageuka akanitazama, mwanga wa dirisha ukiwa shavuni mwake. "Mimi pia, Wacera, peke yangu sioni njia."

Ndivyo nilivyopendwa. Na kesho yake kile kipande kilikuwa kinavuja umeme ukingoni. Chini ya hadubini alama ya kidole gumba ilionekana wazi, yenye mafuta. Jina la Mulama lilikuwa mbele ya kamati ya kumpeleka Ulaya kujifunza kutengeneza vipande kama hivyo. Daktari Nyamai aliuliza ni nani. Nikasema ni mimi.

"Niliomba msamaha kwa ajili yako," nilimwambia pale kwenye kamba za nguo. "Nilisimama mbele ya Nyamai nikaitwa mzembe. Aliniambia kikiharibika kingine nitafute kazi mahali pengine. Ulikuwa umesimama mlangoni. Ulisikia."

"Nilisikia, mpenzi. Na sijasahau."

"Hujasahau, ila unauliza kama siwezi kunawa."

"Si kuna glavu?"

"Za hospitali! Zimejaa unga ndani, na unga ni mbaya kama mafuta. Wewe ndiwe uliyenifundisha hivyo. Ninanawa spiriti, ninashika kwa koleo, mikono yangu inapasuka mpaka damu, na mamako ananiuliza kama kwetu hakuna mafuta. Nawe unakunywa chai!"

"Ningemwambiaje?" Sasa yeye pia alikuwa amepandisha sauti. "Mama alikipakata kile kibuyu kutoka Mumias mpaka hapa kisimwagike. Ningemwambia asikupake?"

"Ungemwambia kabla hajapanda basi."

"Haelewi mambo haya."

"Unajuaje? Hukumweleza. Ulimwambia mimi ni mwalimu!"

"Nilitaka akupende, Wacera."

"Basi na ampende huyo mwalimu. Umtafute umpelekee."

Nilimwona ameumia, na nilifurahi, kisha nikaumia kwa kufurahi. Tai yake ilikuwa bado imepinda. Vidole vyangu vilitaka kuinyoosha. Alisogea, akaushika mkono wangu katikati ya mashuka yale, na kidole gumba chake kikapita polepole juu ya vifundo vyangu. Sikuuondoa. Hasira na mapenzi vinaweza kukaa katika kifua kimoja kama wapangaji wawili wasiosemezana.

"Kile kipande cha silikoni," nilimwambia, "kikiguswa na kitu kisichoonekana, hujibu kabla jicho halijapepesa. Wewe umetazamwa na watu wanne, nami wa tano, ukangoja, ukangoja, na jibu lenyewe likawa kunitupa."

"Sikukutupa. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Mama asije akasema nimetawaliwa na mwanamke kabla sijamuoa."

Alau hilo lilikuwa la kweli, na alilisema bila kunificha uso.

"Twende ndani," alinisihi. "Sema samahani tu. Neno moja. Atakupaka, tutakula, wataondoka wakifurahi. Jumatatu nitamwambia Nyamai una homa, na vile vipande nitavifunga mimi."

"Wewe utavifunga?"

"Najua kuvifunga."

"Na ukifika Ulaya wakikuuliza nani alivifunga, utasema nani?"

Shuka lilipigwa na upepo likapita kati yetu. Alilisukuma kando kwa mkono.

"Sikiliza, Mulama," nilisema. "Nitarudi ndani. Lakini wewe utatangulia kusema. Mweleze mamako yote: kwamba nilikutuma kuhusu samli hukumfikishia, na kwamba kile cha Machi kiliharibiwa na kidole chako. Ukisema hayo, nitapiga magoti anipake kutoka utosini hadi nyayo, abakishe viganja tu."

"Yote?"

"Yote."

"Hata mbele ya mjomba?"

Kutoka kwenye ngazi, Wayua aliguna kwa sauti ambayo haikuhusiana na mchele.

Tulirudi ndani. Mama Lenah alikuwa amejipangusa vidole kwa leso, na kibuyu amekiziba. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kistuli karibu na pazia, macho mekundu. Hakuna aliyegusa chapati. Baba alikuwa amesimama, kama anavyosimama kila anapoona aibu.

Mulama alisimama katikati ya chumba. "Mama," alisema, "kazi ya Wacera inahitaji mikono mikavu. Mafuta yanaharibu vile vipande."

Nilishusha pumzi. Nilimpenda wakati ule kuliko siku ya dirishani. Endelea, nilimwambia moyoni. Endelea, mume wangu.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" mamake aliuliza.

Mulama alimtazama mjomba wake. Akanitazama mimi. Akatazama kitambaa chenye doa la samli.

"Nilisahau, Mama," alisema. "Lakini hata hivyo, Wacera amekosa. Amekuja kuomba msamaha."

Mama Lenah alimkazia macho mwanawe kwa muda mrefu. Nadhani alijua. Mama huwa anajua sauti ya mwanawe akidanganya. Lakini aibu aliyoipata ilikuwa yake, mbele ya wakwe na mbele ya kaka yake, na mtu hawezi kuirudisha kikapuni kama kibuyu.

"Kama ni kazi, ni kazi," alinigeukia. "Lakini mtoto hufungua mdomo akasema, 'Mama, ngoja.' Hamfichi mzazi mikono kama anayeogopa kulogwa. Mimi si mchawi. Nataka kusikia hilo kutoka kwako, kisha nitakupaka kichwani yaishe."

"Umesikia?" Baba alisema upesi, uso umemlegea kwa matumaini. "Mama wa watu ameshakusamehe kabla hujaomba. Sema tu, maitu."

"Sema," mama yangu alinong'ona.

"Sema, binti yangu, chapati zinapoa," alisema Mzee Nalianya.

Na Mulama, kwa midomo tu, bila sauti: sema.

Niliitoa mikono yangu mgongoni nikaiweka mbele, mahali pa wote kuiona, imepauka hivyo hivyo.

"Mama Lenah," nilisema, "wewe si mchawi, na samli yako ni baraka. Ungenipaka kichwani tangu mwanzo ningeinama. Niliomba iwe hivyo. Niliomba kupitia kwa mwanao majuma mawili yaliyopita, naye akaniahidi. Hakusahau. Aliogopa."

"Wacera, nyamaza," Mulama alisema.

"Na mwezi wa Machi, Mama, kidole cha mwanao chenye mafuta kiliharibu kipande kimoja kazini. Alinawa kwa sabuni, na bado kikaharibika. Mimi ndimi niliyesema ni mimi, ili yeye aende Ulaya. Niliomba msamaha siku hiyo kwa kosa lisilokuwa langu. Leo ananitaka niombe mwingine."

Mzee Nalianya aliweka kikombe chini. Mama Lenah alimtazama Patrobas wake, na Patrobas wake akatazama viatu. Nilimpa nafasi. Nawaapia, nilimpa nafasi ndefu kuliko aliyostahili. Kama angeinua uso tu, kama angesema "ni kweli", ningemnyooshea ile tai mbele ya wazee wote.

Hakuinua uso.

Mama Lenah alichukua kikapu chake, akasimama. "Nalianya, twende."

"Dada, chakula..."

"Twende."

Mulama alimfuata mamake hadi mlangoni, akageuka. Machoni mwake mlikuwa na maji. "Bado unaweza," aliniambia. "Wacera, tafadhali. Kwa ajili yetu."

"Wageni wanaondoka nyumbani kwangu na njaa!" Baba alipiga meza. "Diploma imekufundisha kiburi! Kimbia uwarudishe. Waombe msamaha, Wacera!"

Mama alikuwa analia waziwazi sasa. Mlango ulikuwa wazi, na Mulama alikuwa bado amesimama kizingitini, amenyoosha mkono kwangu.

"Siombi," nilisema.